Ufadhili wa Masomo na Mafunzo ya Uongozi Kaskazini Mashariki mwa Kenya

Ufadhili wa masomo ya juu na mafunzo ya uongozi ulichelewa kufika Kaskazini Mashariki mwa Kenya, na ulipofika haukupitia njia uliyopitia kwingineko nchini. Mikoa ya Kati, Nyanza na Magharibi ilipata wasomi wake wa kwanza kupitia shule za misheni, Makerere na ndege za kwenda Marekani. Garissa, Wajir na Mandera ziliwapata wao kupitia nyumba ya mayatima, kozi za utawala huko Kabete, vyuo vya Khartoum na Madina, mashirika ya misaada na, baadaye, kambi za wakimbizi. Ripoti za utawala zilizoea kueleza tofauti hiyo kwa kusema kwamba wafugaji hawakuitaka shule. Maelezo hayo ni mepesi mno. Mfadhili huchagua miongoni mwa wenye vyeti mkononi, na katika eneo hili vyeti vilikuwa adimu, na hata kitambulisho cha kuombea nafasi kilikuwa shida kupatikana. Uhaba huo ulitokana na sheria na maamuzi yanayojulikana, mengi yakiwa na tarehe zake.

Wilaya iliyofungwa, 1902–1958

Sheria ya Wilaya za Pembezoni ya mwaka 1902 iliipa serikali ya kikoloni mamlaka ya kulifunga eneo lolote, na chini yake Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, iliyojulikana zaidi kwa kifupi cha NFD, ikafungwa. Mtu hakuingia wala kutoka bila pasi. Sheria ya Wilaya Maalumu ya 1934 ikakaza zaidi: wakuu wa wilaya waliweza kuyapangia makabila maeneo ya malisho na kuyaadhibu kwa pamoja. Kwa Waingereza, nchi hii ilikuwa kizuizi kati ya nyanda za juu za walowezi na Uhabeshi, na kati ya nyanda hizo na Somalia ya Waitaliano. Kazi ya afisa ilikuwa kulinda visima, kuzuia uvamizi wa mifugo na kukusanya kodi. Shule haikuwamo katika hesabu hiyo, na wamisionari waliokuwa wakijenga shule sehemu nyingine za koloni hawakupata nafasi katika eneo la Waislamu.

Elimu ilikuwapo, lakini ya dugsi. Watoto walihifadhi Kurani kwa kuandika juu ya mbao, mwalimu akihama na familia kufuata maji na malisho. Aliyetaka fikihi na nahau alisafiri kwa sheikh mwingine, pengine mpaka ng'ambo ya mpaka. Mfumo huo ulizaa makadhi, wasuluhishi na wazee wenye kauli. Haukutoa cheti ambacho ofisi ya Nairobi ingekitambua.

Wakati huohuo Nairobi ilikuwa imeanza kufundisha viongozi wa Kiafrika. Shule ya Jeanes ilifunguliwa Kabete mwaka 1925 kwa msaada wa fedha za shirika la Carnegie la Marekani, ikifuata mfano wa walimu wasimamizi waliozungukia shule za watu weusi kusini mwa Marekani. Mwalimu wa Jeanes alitakiwa azungukie shule za vijijini, aziongoze, na afundishe kilimo na usafi. Programu hiyo haikuwa na la kufanya mahali pasipo na shule za kuzungukia. Shule za serikali katika NFD zilianza kufunguliwa katika miaka ya 1940, chache, zikiwa kwenye makao ya wilaya kama Garissa na Wajir. Waliosoma humo wengi walikuwa watoto wa machifu, makarani, askari na wenye maduka. Mtoto wa mfugaji wa upande wa Takaba, magharibi mwa Mandera, alikuwa mbali na shule hizo kwa siku nyingi za safari.

Ndege za Mboya na vita vya kaskazini, 1959–1967

Septemba 1959 ndege ya kukodi iliondoka Nairobi ikiwa na wanafunzi 81 waliopata nafasi katika vyuo vya Marekani. Tom Mboya ndiye aliyekuwa nguzo ya mpango huo, akisaidiwa na taasisi ya wanafunzi wa Kiafrika huko Marekani iliyochangiwa na watu mashuhuri kama Jackie Robinson na Harry Belafonte. Mwaka 1960 taasisi ya familia ya Kennedy ilitoa dola 100,000, na Wangari Maathai alikuwa miongoni mwa waliosafiri mwaka huo. Hadi 1963 wanafunzi karibu 800 wa Kenya na nchi jirani walikuwa wamepelekwa. Oginga Odinga naye alifungua njia ya Moscow na nchi nyingine za Ulaya Mashariki. Katika miaka hiyohiyo, mkutano wa elimu uliofanyika Oxford mwaka 1959 ulizaa mpango wa ufadhili wa Jumuiya ya Madola.

Mipango yote hiyo ilidai kitu kimoja: cheti cha sekondari, na kwa ndege za Mboya, barua ya kukubaliwa na chuo pamoja na jamii iliyojipanga kuchanga nauli. Shule za sekondari katika Kaskazini Mashariki zilianza kujitokeza karibu na uhuru na baada yake tu. Kwa hiyo kizazi kilichorudi kutoka Marekani na kuingia wizarani, vyuo vikuu na mashirika ya umma katika miaka ya 1960 kilikuwa karibu chote cha kusini. Pengo lililofunguka wakati huo liliendelea kujizaa lenyewe, maana aliyesomeshwa 1960 ndiye aliyekaa kwenye kamati ya kuchagua wa 1975.

Siasa nayo ilivuta upande mwingine. Tume ya NFD ya mwaka 1962 iliona kwamba wakazi wengi wa eneo hilo walitaka kujiunga na Somalia. Uingereza haikulitekeleza hilo, na siku chache baada ya uhuru wa Desemba 1963 serikali mpya ilitangaza hali ya hatari. Vita vilivyoitwa vya shifta viliendelea hadi makubaliano ya Arusha ya Oktoba 1967. Watu walikusanywa vijijini chini ya ulinzi, mifugo ikapotea kwa wingi, na baadhi ya vijana waliokuwa wamesoma wakavuka mpaka kwenda Somalia. Hali ya hatari yenyewe haikuondolewa hadi 1991. Katikati ya vita hivyo, Waraka wa Bunge Namba 10 wa mwaka 1965 ulielekeza fedha za maendeleo kwenye maeneo yenye ardhi nzuri, mvua, barabara na watu walio tayari kupokea maendeleo. Sera hiyo haikuitaja Kaskazini Mashariki kwa jina, na haikuhitaji.

Nyumba ya mayatima, Kabete na Uarabuni, 1968–1990

Vita viliacha yatima na mafukara. Mwaka 1968 Young Muslim Association, jumuiya ya Waislamu iliyoanzishwa Nairobi miaka michache kabla, ilifungua nyumba ya watoto mjini Garissa. Watoto walipewa malazi, chakula, dini na masomo ya serikali mahali pamoja, na baadaye shule za jumuiya hiyo zikakua hadi sekondari. Mayatima hao hawakuonekana kuwa wanaandaliwa kwa uongozi wa aina yoyote, lakini miongoni mwao walitoka madaktari, walimu, wahandisi na maafisa wa serikali. Kwa athari zake, nyumba ile ilifanya kazi ya mpango wa ufadhili muda mrefu kabla ya mipango yenye jina hilo kufika. Ilifanya jambo ambalo wafadhili wa vyuo hawakulifanya: ilianza na mtoto wa darasa la kwanza, ikamkomboa katika tatizo la kuhama na la karo, kisha ikamwachia mtihani uamue.

Njia ya pili ilikuwa utawala. Shule ya Jeanes iligeuzwa mwaka 1961 kuwa Taasisi ya Utawala ya Kenya, ili kuandaa Waafrika wa kushika nafasi za maafisa Waingereza. Wachache kutoka kaskazini waliingia utumishi huo mapema. Mohamed Yusuf Haji, mzaliwa wa Garissa, alianza kuwa afisa tarafa mwaka 1960, akapanda hadi kuwa mkuu wa mkoa, cheo alichokishika katika mikoa kadhaa hadi miaka ya 1990. Baadaye akawa waziri, na kuanzia 2013 seneta wa Garissa hadi kifo chake mwaka 2021. Jeshi lilikuwa ngazi nyingine. Mahmoud Mohamed, naye wa Garissa, aliongoza kuzimwa kwa jaribio la mapinduzi la Agosti 1982, kisha akawa mkuu wa majeshi kutoka 1986 hadi 1996. Hussein Maalim Mohamed, ndugu yake, aliingia baraza la mawaziri mwaka 1983, Msomali wa kwanza kufanya hivyo nchini. Vyeo hivyo viliwafikia watu binafsi. Mkoa wenyewe uliendelea kutawaliwa kwa kanuni za hali ya hatari, na Februari 1984 ndipo yalipotokea mauaji ya uwanja wa ndege wa Wagalla, Wajir, mikononi mwa vikosi vya usalama.

Njia ya tatu iliendelea pale dugsi ilipoishia. Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Madina, kilichoanzishwa 1961, kilitoa masomo, malazi na nauli kwa wanafunzi wa nje, na Khartoum nayo ikawa na kituo cha Kiislamu cha Afrika kilichopandishwa kuwa chuo kikuu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 1988 Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Uganda kilifunguliwa Mbale, karibu na nyumbani. Mwanafunzi wa Mandera aliyekuwa dhaifu katika Kiingereza lakini hodari katika Kiarabu alipata mlango ambao London na Washington hazikumfungulia. Waliorudi na shahada za sharia na lugha wengi waliishia kufundisha madrasa au kuongoza misikiti. Utumishi wa serikali haukuwa na haraka ya kuwapokea.

Benki ya Maendeleo ya Kiislamu ilijaribu kurekebisha hilo. Mpango wake wa kufadhili jamii za Waislamu katika nchi zisizo wanachama, ulioanza mwaka 1983, uliihusu Kenya moja kwa moja kwa kuwa Kenya si mwanachama. Ulilenga udaktari, uhandisi na fani kama hizo, na muundo wake ulikuwa wa aina ya pekee: fedha zilitolewa kwa jamii kama ruzuku, lakini kwa mwanafunzi kama mkopo usio na riba, aurudishe baada ya kuajiriwa katika mfuko wa jamii uliokusudiwa kusomesha wengine. Mpango huo uliweka pia mafunzo ya uongozi na kutumikia jamii kama sehemu ya wajibu wa mwanafunzi. Kwa ubunifu huu wa kumfunga msomi na kwao, ulitangulia mipango mingi ya Magharibi iliyokuja baadaye kuzungumzia kurudisha shukrani kwa jamii.

Kikwazo kipya kilizuka mwaka 1989, serikali ilipoendesha msako wa kuhakiki uraia wa Wasomali wa Kenya. Waliopita walipewa kadi ya rangi ya waridi, ya kubeba pamoja na kitambulisho. Bila karatasi hizo hakukuwa na pasipoti, na aliyechaguliwa na chuo cha nje angeweza kukwama katika ofisi ya uhamiaji.

Akina mama wa Wajir na vijana wa Dadaab, 1991–2007

Kuanguka kwa dola ya Somalia mwaka 1991 kulileta bunduki, ukame na wakimbizi kwa mpigo. Wajir ilitumbukia katika mapigano ya koo. Wanawake wa sokoni na wachache waliosoma walianza kukutana wakitafuta njia ya kuyakomesha, na kati yao alikuwemo Dekha Ibrahim Abdi, aliyezaliwa Wajir mwaka 1964 na aliyekuwa akifanya kazi katika mradi wa afya kwa wafugaji. Waliwavuta wazee, vijana, wafanyabiashara na maafisa wa serikali. Wazee wakatoa Azimio la Al-Fatah mwaka 1993, na juhudi hizo zikaunganishwa baadaye katika Kamati ya Amani na Maendeleo ya Wajir. Muundo huo wa kamati za amani ulikuja kuigwa katika wilaya nyingine za Kenya.

Hapa mwelekeo wa mafunzo uligeuka. Dekha alijiunga mwaka 1998 na shirika la Responding to Conflict la Birmingham, Uingereza, akiwa mkufunzi. Aliwafundisha watu wa nchi nyingine kile kilichofanyika Wajir, na alikuwa mmoja wa waandishi wa kitabu cha mafunzo, Working with Conflict, kilichotoka mwaka 2000. Mwaka 2007 alipewa tuzo ya Right Livelihood. Fujo zilipolipuka Kenya baada ya uchaguzi wa Desemba mwaka huohuo, alikuwa pamoja na Balozi Bethuel Kiplagat na Majenerali Lazaro Sumbeiywo na Daniel Opande katika kundi la raia waliotafuta amani. Alifariki Julai 2011 kutokana na ajali ya barabarani. Katika historia nzima ya ufadhili eneo hili, hakuna mfano ulio wazi zaidi wa elimu ya uongozi iliyoanzia kwenye jamii na kwenda kwa mfadhili, badala ya kinyume chake.

Kambi ya wakimbizi ya Dadaab, iliyoanzishwa 1991 Garissa, ilileta mfumo mwingine kabisa. Kambini palikuwa na shule zenye walimu, vitabu na chakula. Ufadhili wa DAFI wa serikali ya Ujerumani, ulioanza mwaka 1992, uliwasomesha wakimbizi katika vyuo vikuu vya nchi waliyokimbilia. Shirika la WUSC la Kanada lilichagua wanafunzi bora wa sekondari na kuwapeleka Kanada kwa ukaazi wa kudumu, gharama zikilipwa kwa sehemu na michango midogo ya wanafunzi wenzao wa vyuo vya huko. Kuanzia 2013 mradi wa pamoja wa vyuo vikuu vya York, British Columbia, Kenyatta na Moi ulileta masomo ya chuo kikuu kambini kwenyewe, ukianza na walimu.

Wakenya wa vijiji vya karibu waliyaona haya yote. Wakati wa ukame baadhi yao walijiandikisha kama wakimbizi ili wapate mgao na shule. Miaka ilipopita waliomba vitambulisho vya Kenya na alama zao za vidole zikaonekana kwenye daftari la wakimbizi. Walinyimwa. Hivyo raia akapoteza haki ya kuomba ufadhili wa nchi yake kwa kuwa aliwahi kuomba chakula cha wageni.

Wizara, ugatuzi na hofu, 2008–2020

Serikali ya mseto ya 2008 iliunda wizara ya maendeleo ya kaskazini na maeneo kame, ikaikabidhi kwa Mohamed Elmi, mbunge wa Wajir Mashariki. Elimu ya wafugaji ilipewa uzito ambao haikuwahi kuupata, na sheria ya elimu ya msingi ya 2013 ikaunda baraza la taifa la elimu ya wahamaji. Katiba ya 2010 ilikuwa imeweka mfuko wa usawazishaji kwa maeneo yaliyoachwa nyuma. Wakati huohuo benki ya Equity na taasisi ya Mastercard zilianzisha mpango wa Wings to Fly wa kulipia sekondari wanafunzi hodari wasio na uwezo, wakichaguliwa wilaya kwa wilaya. Utaratibu huo wa wilaya ulimpa mtoto wa Mandera nafasi ya kushindana na mwenzake wa Mandera, si na wa Kiambu.

Chuo cha kwanza cha ngazi ya chuo kikuu kilifunguliwa Garissa mwaka 2011, kikiwa tawi la Moi, katika majengo ya chuo cha ualimu. Aprili 2, 2015 wanamgambo wa Al-Shabaab walikivamia na kuua watu 148, wengi wao wanafunzi. Kilifunguliwa tena Januari 2016 na kupewa hati ya kujitegemea mwaka 2017. Kabla ya hapo, Novemba 2014, abiria 28 wa basi lililotoka Mandera walikuwa wameuawa, wakiwamo walimu waliokuwa wakienda likizo. Walimu wa kutoka mikoa mingine walianza kuondoka, na baada ya mauaji mengine ya walimu Wajir mwaka 2018 na Kamuthe, Garissa, Januari 2020, Tume ya Kuajiri Walimu iliwahamisha kwa wingi. Mtaalamu aliyehitajika zaidi hakuwa tena daktari aliyesomea ng'ambo. Alikuwa mwalimu wa fizikia mzaliwa wa huko, na wafadhili wachache sana walikuwa wakimsomesha huyo.

Barack Obama alizindua mpango wa viongozi vijana wa Afrika, YALI, mwaka 2010. Kundi la kwanza la vijana 500 wa umri wa kati ya miaka 25 na 35 lilikwenda Marekani mwaka 2014 kwa ufadhili uliopewa jina la Mandela, na kituo cha kanda kikawekwa Chuo Kikuu cha Kenyatta. Maombi yalifanywa kwa intaneti na kwa Kiingereza, yakitaka rekodi ya uongozi uliokwisha kuonekana.

Ugatuzi wa 2013 uliwapa waliofunzwa mahali pa kufanyia kazi. Kabla yake msomi wa Mandera alijenga jina Nairobi au nje. Adan Mohamed, mzaliwa wa kaunti hiyo aliyesoma Harvard, alifika kilele cha benki ya Barclays nchini Kenya kabla ya kuteuliwa waziri mwaka huo. Sasa kaunti ilihitaji mawaziri wake, wakurugenzi na wahasibu, na maafisa hao walipitia kozi za uongozi za Chuo cha Serikali cha Kenya, mrithi wa Jeanes palepale Kabete. Uongozi wa cheti ulikutana uso kwa uso na uongozi wa wazee. Kuelekea uchaguzi wa 2017, baraza la wazee wa ukoo wa Gare liliamua kwamba waliokuwa madarakani wasigombee tena. Gavana wa Mandera, Ali Roba, alikaidi na akachaguliwa mara ya pili.

Takaba na masharti ya leo

Takaba, makao ya Mandera Magharibi, iko mbali na barabara kuu inayotoka Wajir kupitia El Wak na Rhamu hadi Mandera. Kaunti na mfuko wa eneo bunge vimekuwa wafadhili wakubwa wa wanafunzi wa huko kuliko shirika lolote la nje. Basari hupitia wadi, chifu huthibitisha hali ya familia, na hundi huandikiwa shule au chuo. Ni fedha kidogo zinazogawiwa wengi, na wanasiasa huzitangaza kama fadhila yao. Hata hivyo ndizo zilizomwezesha kijana wa kawaida kufika kidato cha nne, hatua ambayo mipango kama Chevening ya Uingereza na YALI ilichukulia kwamba mwombaji amekwisha kuipita.

Mwaka 2025 ulitikisa nguzo tatu kwa pamoja. Januari, Mdhibiti wa Bajeti Margaret Nyakang'o aliziagiza kaunti zisitishe basari, kwa hoja kwamba sekondari na vyuo vikuu si jukumu lao bila makubaliano na serikali ya taifa. Mahakama ikasimamisha agizo hilo. Februari, Rais William Ruto, akiwa ziarani Kaskazini Mashariki, alitangaza mwisho wa utaratibu wa kuwahoji wakazi wa mipakani kabla ya kupewa vitambulisho. Julai, shirika la misaada la Marekani, USAID, lililokuwa mfadhili wa vituo vya kanda vya YALI, likafungwa rasmi. Mwombaji wa Takaba alibaki na njia iliyo fupi kidogo ya kupata kitambulisho, huku orodha ya mahali pa kukipeleka ikiwa imepungua.